KUFULI TATU: FEDHA ZETU NA ZA WALIOTUTANGULIA



Katibu aliniomba niandike historia ya kikundi. Mimi ni wa darasa la saba, lakini nimeona nianze na habari za wale waliotangulia kuweka mali pamoja huku kwetu kaskazini, kwa sababu swali lao ndilo lililo mbele yetu mwaka huu. Lipo pendekezo tuungane na vikundi vya vijiji jirani, tuajiri karani, na mkutano wa kila wiki uwe wa kila miezi mitatu. Wanasema tukiwa wakubwa faida itakuwa kubwa. Mimi nauliza, daftari atakuwa analiona nani?

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vya msingi. Nguvu yake ilitoka chini. Mkulima alipeleka kahawa kwenye chama cha kwao, na viongozi wake aliwajua hadi majumbani. Baada ya uhuru mwaka 1961 ushirika ulipanuliwa haraka haraka, hata mahali ambapo wananchi hawakuuomba. Malalamiko yakazidi, na mwaka 1966 Rais Nyerere akaunda kamati maalumu. Ilichokuta, mama yeyote wa kikoba angekitambua: wanachama hawajui chama chao kinavyoendeshwa, watendaji wenye ujuzi ni wachache, na wanasiasa wanaingiza mkono. Katika hayo matatu hakuna hata moja linalohusu shamba! Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vyote, mazao yakanunuliwa na mamlaka za mazao, na mkulima akawa anasubiri malipo kwa mtu asiyeweza kumpigia kura. Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982.

Sisi tulianza na sanduku. Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, na ulipofika Tanzania ukaitwa VICOBA. Sanduku letu lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa akina mama watatu, na anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Fedha zinahesabiwa mbele ya watu. Mwekahazina anataja salio kwa sauti, na wiki inayofuata, kabla ya kufungua, wanachama wanaulizwa lilikuwa shilingi ngapi. Yupo mwenzetu asiyejua kusoma, na ndiye mkaguzi mkali kuliko wote. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilitutaka tujisajili, nasi cheti tunacho, ila cheti hakihesabu fedha.

Lakini nisidanganye kwamba udogo ni kinga. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji. Mojawapo ilikuwa Benki ya Jamii ya Meru, ya hapa hapa kwetu, na nyingine ilikuwa Covenant, benki ya wanawake. Wenye akiba walikuwa na bima ya amana hadi shilingi 1,500,000. Mwenye hisa hana bima hiyo, na kwenye kikoba, akina mama, sote ni wenye hisa. Tena hapa Nduruma tunategemea mto mmoja. Maji yakipungua mferejini, marejesho yanachelewa kwa wote wiki hiyo hiyo. Wenzetu wa juu mlimani wanavuna kwa wakati mwingine, na hapo nakubali kuungana kuna faida.

Basi kwenye mkutano mkuu nitasema ndiyo, kama kila kikundi kitabaki na sanduku lake na mkutano wake wa kila wiki, karani atasoma hesabu kwa sauti katika kila kijiji kila mwezi, na viongozi watachaguliwa kila mwaka, pamoja na kiti hiki ninachokalia. Vinginevyo nitanyoosha mkono wa hapana. Rasimu ya katiba ipo kwa katibu. Asiyeweza kusoma aje Jumamosi, tutamsomea yote, na kipengele cha funguo tutakisoma mara mbili.