Hewa Itokayo Chini: Historia ya Anga la Grande Barrière

Grande Barrière ni kituo cha mpaka kati ya Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, na Goma, upande wa Kongo. Kusini yake kuna Ziwa Kivu, lililo mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini, mwendo wa kilomita zipatazo 20, unasimama mlima Nyiragongo wenye mita 3,470. Ikweta iko karibu, lakini kwa sababu ya kimo hicho wastani wa joto hauendi mbali na nyuzi 20.

Somo la angahewa kwa kawaida huanzia juu: jua hupasha ardhi, hewa ya joto hupanda na kupoa, mvuke ukawa mawingu. Yote hayo yapo hapa. Ukanda wa mvua unaoandamana na jua hupita mara mbili kwa mwaka, ukaleta masika ya Machi hadi Mei na vuli inayokoma Desemba. Katikati hukaa kiangazi kinachoanza Juni. Ziwa nalo lina zamu zake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani. Usiku hewa baridi ya milimani huteremka hadi juu ya maji yaliyohifadhi joto, na hapo ndipo radi hupiga, mji ukiwa umelala. Wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza, wanaovua kwa taa, ndio wanaokutana nazo.

Nusu ya pili ya somo hutoka chini ya ardhi, na hiyo ilichelewa kueleweka. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alipanda Nyiragongo. Mwaka 1910 mkutano wa Brussels ukapanga mpaka: Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani, Goma kwa Wabelgiji. Ziwa bado lilihesabiwa kuwa maji tu. Ni mnamo 1935 ambapo mtafiti Mbelgiji, Damas, aliteremsha vyombo vyake vilindini akakuta maji ya chini yana joto kuliko ya katikati, tena yamejaa gesi. Kwa kuwa yana chumvi nyingi, maji hayo ni mazito na hayapandi kuchanganyika na ya juu. Leo inakadiriwa kuwa humo mna kilomita za ujazo 300 za kabonidayoksidi na 60 za methani. Mwaka 1963 kituo cha Rubona, kusini kidogo ya Gisenyi, kilianza kuvuta methani hiyo kwa ajili ya kiwanda cha bia cha Bralirwa.

Kabonidayoksidi ina uzito mara moja na nusu ya ule wa hewa ya kawaida. Ikitoka kwenye nyufa za ardhi hujikusanya mabondeni, hasa usiku usio na upepo. Watu wa Goma na vijiji vya kuelekea mji wa Sake huiita mazuku. Haionekani. Mbuzi huanguka kwanza kwa kuwa pua yake iko karibu na ardhi; mtoto, au mtu aliyelala chini, yumo hatarini pale ambapo aliyesimama bado anavuta pumzi. Moto ukiteremshwa kwenye shimo lenye mazuku nyingi huzimika. Jua likipanda na upepo ukianza, gesi hutawanyika, ndiyo maana mahali palipoua alfajiri paweza kupitika adhuhuri. Jambo lililotokea Kamerun mwaka 1986, ziwa dogo la Nyos lilipotapika gesi ikaua watu wapatao 1,700, liliwafanya wataalamu waitazame Kivu kwa jicho jingine.

Nyiragongo yenyewe imetoa masomo matatu. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa lake la lava lilimwagika kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilikatiza katikati ya Goma hadi majini, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka kuingia Gisenyi. Hofu kubwa siku hizo ilikuwa kwamba lava ingevuruga gesi ya vilindini; vipimo vilivyofuata vilionyesha kuwa tabaka lenye gesi hiyo halikuguswa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba za Gisenyi pia.

Kati ya milipuko moshi haukomi. Una dayoksidi ya salfa na florini, na kwa kuwa upepo wa juu huusukuma mara nyingi kuelekea magharibi, Gisenyi hupata nafuu ambayo Rusayo, upande wa magharibi wa mlima, haipati. Huko Rusayo watu hukinga mvua mapaani, na maji hayo yameonekana kuwa na tindikali na florini inayobadilisha rangi ya meno ya watoto. Ni mvua ileile ya masika.

Mlima hufuatiliwa na kituo cha volkeno cha Goma kilichoanzishwa 1986. Mvua ya Rubavu huandikwa na idara ya hali ya hewa ya Rwanda. Daftari za idara hiyo zina pengo kubwa: baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 vituo vingi vya vipimo vilinyamaza, na ilichukua miaka ipatayo 15 kuvirejesha. Baadaye pengo lilizibwa kwa makadirio ya satelaiti, msaada wa kweli, ingawa si sawa na kipimamvua kilichosomwa kila asubuhi. Pengo hilo ni zito, kwa kuwa tabianchi huhesabiwa kwa wastani wa miaka 30. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika Rubavu, na mafuriko na maporomoko ya magharibi na kaskazini mwa Rwanda yakaua zaidi ya watu 130. Anayetaka kujua kama mvua za namna hiyo zinazidi kuja hana budi kupitia daftari hizo zenye pengo.