Majina ya mwanzo katika filamu za taharuki

Majina ya mwanzo (huitwa pia utangulizi wa majina) ni sehemu ya filamu inayoonyesha jina la filamu pamoja na majina ya waigizaji, mtunzi wa muziki, mtayarishaji, mwongozaji na wengine walioitengeneza. Huonyeshwa kabla hadithi haijaanza au mara tu baada ya tukio la kwanza. Katika filamu za taharuki, yaani zile zinazomweka mtazamaji roho juu kwa kumficha jambo fulani au kwa kumwonyesha hatari ambayo mhusika haijui, sehemu hii mara nyingi hubeba habari za hadithi yenyewe. Kwa kawaida huchukua dakika mbili au tatu.

Uchambuzi wa majina ya mwanzo huishia mara nyingi kwenye rangi, umbo la herufi na muziki. Hayo ni ya lazima lakini hayatoshi. Katika filamu ya taharuki swali kubwa ni la ujuzi: majina yakishapita, mtazamaji anajua nini ambacho mhusika hajui, na yeye mwenyewe amefichwa nini? Tena majina ya watu, ambayo wengi huyapita bila kuyasoma, huwa sehemu ya siri hiyo. Makala hii inaeleza jambo hilo kwa filamu nne za Marekani: *Psycho*, *Vertigo*, *Touch of Evil* na *Se7en*.

Historia

Katika filamu za zamani majina yalikuwa kadi tu za maandishi, zikipita moja baada ya nyingine huku okestra ikipiga. Watu waliutumia muda huo kutafuta viti. Katika kumbi nyingine pazia lilikuwa bado limefungwa, na majina yakaangukia juu ya kitambaa.

Aliyebadilisha mazoea hayo zaidi ya wengine ni Saul Bass (1920–1996), msanifu wa michoro mzaliwa wa New York. Mwaka 1955 alitengeneza majina ya *The Man with the Golden Arm*, filamu ya Otto Preminger kuhusu mtu aliyenaswa na heroini. Mistari myeupe inaingia kwenye skrini nyeusi kutoka pande mbalimbali, na mwishowe inakuwa mkono uliopinda, kama uliokatwa kwenye karatasi kwa mkasi. Makopo ya filamu hiyo yalipelekwa kumbini yakiwa na agizo kwamba pazia lifunguliwe kabla majina hayajaanza. Baada ya hapo Alfred Hitchcock alimtumia katika filamu tatu zilizofuatana: *Vertigo* (1958), *North by Northwest* (1959) na *Psycho* (1960).

Nchini Uingereza Maurice Binder alibuni ufunguzi wa *Dr. No* (1962), ambamo mtazamaji anamwona James Bond kupitia mtutu wa bunduki. Ufunguzi huo umerudiwa katika filamu nyingi za Bond, na kwa hiyo umekuwa alama ya biashara kuliko habari ya hadithi. Tangu miaka ya 1970 sehemu kubwa ya majina ilihamia mwishoni mwa filamu, na baadhi ya waongozaji waliacha kabisa majina ya mwanzo. Kazi ya Kyle Cooper kwa *Se7en* mwaka 1995 iliwarudisha watu kwenye sanaa hiyo.

Mpangilio wa majina na mikataba

Kabla ya kutafuta maana, mchambuzi ajue kwamba mengi katika orodha hii yameamuliwa ofisini. Nani atangulie, nani aandikwe kwa herufi kubwa, nani awe peke yake kwenye skrini: hayo hupatanwa kwenye mkataba. Katika filamu za Marekani jina la mwongozaji huwa la mwisho, kwa kufuata kanuni za chama cha waongozaji. Basi mwanafunzi anayeandika kwamba Hitchcock amewekwa mwisho "kuonyesha mamlaka yake" anakipa sanaa kilicho cha mkataba.

Lakini mazoea haya ndiyo yanayompa mtengenezaji nafasi ya kudanganya. Mtazamaji amezoea kwamba jina la kwanza ni la mhusika mkuu, na kwamba mhusika mkuu hafi mapema. Watazamaji wa mabanda ya video wa Afrika Mashariki wanaijua kanuni hiyo vizuri: stelingi hafi. Filamu ya taharuki inaweza kuitumia imani hiyo dhidi ya mtazamaji mwenyewe.

Psycho (1960)

Juu ya skrini, vijiti vya kijivu vinakimbia kwa ulalo, kisha kwa wima, vikiingia na kutoka kwa kasi. Jina la filamu linakatwa vipande visivyokutana sawasawa, linaungana kwa muda mfupi, kisha linavunjika tena. Muziki wa Bernard Herrmann ni wa vyombo vya nyuzi peke yake. Hakuna tarumbeta wala ngoma. Vijiti vya mwisho vikiondoka, unaonekana mji wa Phoenix, na maandishi yanataja mahali, siku, tarehe na saa: Ijumaa, Desemba 11, saa nane na dakika arobaini na tatu mchana. Kamera inasogea hadi kwenye dirisha la hoteli lenye pazia la vibao. Vijiti vya majina vimerudi, safari hii vikiwa kitu cha kawaida cha nyumbani, na sisi tunapita chini yake kuwachungulia mwanamke na mwanamume waliojificha humo.

Mwanafunzi mwangalifu ataona vijiti na vibao. Ni wachache wanaosoma majina. Wa kwanza ni Anthony Perkins, wakifuata Vera Miles na John Gavin. Janet Leigh, aliyekuwa nyota mashuhuri, anatajwa mwisho wa waigizaji, na ni yeye aliyetajwa pamoja na jina la mhusika wake, Marion Crane. Hadithi inapoanza ni huyo Marion tunayemfuata: anaiba dola 40,000, anakimbia mji, anasimama usiku kwenye moteli. Mtazamaji wa mwaka 1960 aliona ni filamu yake. Kabla ya nusu ya filamu ameuawa bafuni. Hapo ndipo orodha inapoeleweka: aliyeandikwa wa kwanza ni mwenye moteli, na nafasi ya mwisho, ambayo kwa desturi ni ya heshima kwa nyota mgeni, ilikuwa kweli nafasi ya mtu asiyekaa muda mrefu. Habari ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu tangu mwanzo. Hitchcock alikataza watu kuingia ukumbini filamu ikishaanza, na ni rahisi kuona sababu: aliyechelewa angekaa akimsubiri Janet Leigh.

Vertigo (1958)

Majina yanaanza na sehemu ya uso wa mwanamke. Kamera inaenda kwenye midomo, na hapo linatokea jina la James Stewart. Inapanda kwenye macho, ambayo yanatazama kushoto na kulia kama ya mtu anayeogopa kufuatwa. Kisha inaingia jicho moja. Skrini inakuwa nyekundu, na jina la filamu linatoka ndani ya mboni. Baada yake yanafuata maumbo ya kuzunguka kama mkunjo wa konokono. Yalitengenezwa na John Whitney kwa mashine iliyotokana na kifaa cha kijeshi cha kulengea mizinga ya kutungulia ndege. Mwishoni tunarudi kwenye jicho, na jina la Hitchcock linatoka humo.

Mzunguko huo unarudi mara kadhaa: kwenye nywele za Madeleine zilizofungwa nyuma, kwenye ngazi za mnara wa kanisa, na kwenye namna Scottie, mpelelezi mstaafu anayeogopa urefu, anavyorudia jambo lilelile. Kwa hiyo umbo la majina si pambo. Ni mpango wa hadithi.

Jambo ambalo watu hulipita ni kwamba uso ule si wa Kim Novak. Ni wa mwanamke mwingine, na hatumwoni tena katika filamu nzima. Ukikumbuka kwamba filamu yote inahusu mwanamke aliyelipwa kujifanya mwanamke mwingine, na mwanamume asiyeweza kuwatofautisha, uso huo wa mgeni unakuwa dokezo la kwanza. Hata kama ulichaguliwa kwa sababu ya kawaida ya utengenezaji, umekaa mahali pake. Mchambuzi hana haja ya kuthibitisha nia ya mtengenezaji. Anahitaji kuonyesha kwamba dokezo limo kwenye picha na kwamba hadithi inalijibu.

Kuhusu rangi nyekundu, ni vizuri kuwa na tahadhari. Kuandika kwamba "nyekundu ni damu" ni jibu la haraka ambalo halisemi lolote kuhusu filamu hii, yenye damu kidogo sana. Nyekundu inarudi kwenye kuta za mgahawa ambako Scottie anamwona Madeleine mara ya kwanza, na katika jinamizi lake. Huko ndiko maana yake inakotafutwa.

Touch of Evil (1958)

Filamu hii ya Orson Welles inafaa kuliko zote kwa kufundishia, kwa sababu mwanzo wake uleule upo kwa namna mbili.

Picha moja ndefu isiyokatwa, ya dakika tatu na zaidi, inaanza na mikono inayotega saa ya bomu. Mtu anakimbia, analiweka bomu kwenye buti la gari, anatoweka. Mwanamume na mwanamke wanaingia garini bila kujua na kuondoka. Kamera inapanda juu ya mapaa, inashuka, inalifuata gari katika mitaa ya mji ulio mpakani mwa Mexico na Marekani. Njiani wanatokea mume na mke waliooana karibuni, wakitembea kwa miguu. Mara wako mbele ya gari, mara kando yake. Wanavuka mpaka. Wanabusiana, na gari linalipuka.

Studio ya Universal iliweka majina juu ya picha hiyo, pamoja na muziki wa Henry Mancini. Welles alikuwa ametaka pasiwe na maandishi, na sauti ziwe zile za mitaani: redio ya gari, muziki unaotoka kwenye mabaa na kubadilika kadiri kamera inavyopita. Alipoona filamu yake imebadilishwa aliiandikia studio waraka wa kurasa 58. Mwaka 1998, miaka 13 baada ya kifo chake, mhariri Walter Murch aliipanga filamu upya kwa kufuata waraka huo, na majina yakaondolewa pale.

Tofauti inaonekana mara moja. Katika nakala ya 1958 jicho linasoma, na kila jina jipya linalitoa kwenye gari. Muziki nao unamwambia mtazamaji ajisikie vipi. Katika nakala ya 1998 hana la kushika ila gari. Hitchcock alizoea kueleza kwamba bomu likilipuka ghafla mtazamaji hushtuka sekunde chache, lakini akiwa ameliona likitegwa anateseka kwa muda wote wa kungoja. Nakala ya 1998 inauacha muda huo mtupu ili ateseke kweli. Hata hivyo nakala ya kwanza ina watetezi wake, nao hawakosi hoja. Muziki wa Mancini una mwendo wa hatari, na kuna wanaoona kwamba majina yanaongeza wasiwasi kwa sababu yanaziba. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, Welles alikuwa sahihi: majina mazuri hutoa habari kwa mtazamaji, na hapa yalimnyang'anya aliyokuwa nayo.

Se7en (1995)

Hapa majina hayaji kwanza. Tunamwona mpelelezi Somerset akijiandaa asubuhi, maiti, kukutana na mwenzake Mills, kisha kitandani usiku, akisikiliza mlio wa kipima mapigo ya muziki. Ndipo majina yanapoingia, yakiwa yamekwaruzwa kwa mkono, yanatetemeka na kuruka, juu ya picha za karibu mno: vidole vinakata ngozi ya ncha zake kwa wembe, vinashona daftari, vinafuta maneno kwa wino, vinakata neno "Mungu" kutoka kwenye noti ya dola. Muziki ni wimbo wa Nine Inch Nails uliopangwa upya.

Mikono hiyo ni ya muuaji. Wapelelezi hawajajua kwamba yupo, na sisi tumeshakaa mezani pake. Baadaye polisi wanapokosa alama za vidole, wanapokuta madaftari yapatayo 2,000 nyumbani kwake, mtazamaji makini anatambua kwamba alishaonyeshwa vyote. Lakini uso hakuonyeshwa, wala jina. Kevin Spacey, anayeigiza muuaji, hayumo katika majina ya mwanzo. Anatajwa mwishoni tu. Kama jina lake lingekuwepo, kila mtazamaji angekaa akijiuliza huyo nyota atatokea lini, na siri ingevuja kabla ya wakati.

Namna ya kuchambua

Kwa miaka kadhaa wanafunzi wa sekondari nchini Uingereza waliosoma somo la vyombo vya habari walipewa kazi ya kutengeneza majina na mwanzo wa filamu mpya, usiozidi dakika mbili, na taharuki ilikuwa chaguo la kawaida. Kabla ya kutengeneza walitakiwa kuchambua filamu za wengine. Kazi hiyo yaweza kufanywa popote penye simu na nakala nzuri ya filamu.

Tazama mara ya kwanza bila kuandika. Mara ya pili zima sauti na uandike kinachoonekana, kwa sekunde. Mara ya tatu fumba macho usikilize. Mara ya nne nakili majina yote kwa mpangilio wake, pamoja na picha iliyo chini ya kila moja. Kisha tazama filamu nzima, na kila kitu cha majina kinaporudi kiandike. Kisichorudi nacho kitajwe, kwani huenda ni pambo tu.

Nakala nayo iangaliwe. Filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili na wasimulizi wa mabanda ya video hazifai kwa hatua ya kusikiliza, kwa kuwa sauti ya msimulizi hufunika muziki. Kwenye huduma za intaneti utangulizi waweza kurukwa kwa kitufe, hivyo hakikisha haujarukwa. Na kwa *Touch of Evil*, andika juu ya karatasi ni nakala ya mwaka gani uliyotazama.