Historia fupi ya sanduku la joto (na jinsi nilivyokaribia kumpika chatu)

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na tovuti, nizungumze juu ya nyoka. Ndiyo, nyoka. Msikimbie.

Jamaa mmoja wa Msambweni mwenye kibali cha KWS cha kufuga nyoka (bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kwa hiyo usijaribu hivi hivi) aliniomba nimsaidie kutengeneza kabati la joto la chatu wake. Kabati lenyewe ni rahisi. Rafu za mbao, kila rafu ina sanduku la plastiki linalovutwa kama droo, na nyuma kunapita utepe wa joto unaotumia stima. Kazi yangu mimi ilikuwa ubongo wa kabati: kihisi joto aina ya DS18B20, bodi ya Arduino, na rilei ya kuwasha na kuzima utepe. Msimbo ulikuwa na jambo moja tu la maana: joto likiwa chini ya nyuzi 31, washa, likifika, zima.

Tukaliacha lifanye kazi usiku kucha, ndani tumeweka chupa za maji badala ya nyoka. Asubuhi chupa zilikuwa moto na kipimajoto cha kawaida kinasoma 47. Kumbe waya wa kihisi ulikuwa umechomoka. Kihisi kisipopatikana, maktaba ya programu niliyotumia hurudisha namba -127. Msimbo wangu ukaona -127, ukadhani ni baridi kali, ukawasha. Na ukaendelea kuwasha hadi jogoo akawika.

Chatu angekuwemo, tungemzika siku ile ile. Nikajiuliza: watu walidhibiti vipi joto kabla ya kompyuta? Nikaanza kusoma, na nilichokipata kimenifundisha kuliko mihadhara mingi ya chuo.

Tuanze na mayai ya kuku. Katika miaka ya 1620, Mholanzi mmoja aliyeishi London, Cornelis Drebbel, alitengeneza tanuri lililojiongoza lenyewe, akalitumia kuangulia mayai. Ndani aliweka chombo cha kioo chenye spiriti na zebaki. Joto likipanda, spiriti inatanuka na kuisukuma zebaki, zebaki inainua kijiti, kijiti kinabana njia ya hewa ya moto. Moto unafifia. Tanuri likipoa, njia inafunguka tena. Hakuna mtu anayelikodolea macho. Kwa lugha yetu sisi waandishi wa programu, huo ni mzunguko wa kupima na kurekebisha, miaka mia tatu na zaidi kabla ya Arduino.

Katikati ya karne ya 18 akaja John Harrison, seremala Mwingereza aliyekuwa akitengeneza saa za kuwasaidia mabaharia kujua walipo. Saa huenda mrama joto likibadilika. Katika saa yake ya tatu, Harrison aliunganisha vipande viwili, shaba na chuma cha pua, mgongo kwa mgongo. Metali hizi hazitanuki sawasawa, kwa hiyo joto likibadilika kipande hujipinda. Mwaka 1830 Andrew Ure wa Scotland akachukua hataza ya kifaa kinachotumia wazo hilo hilo kudhibiti joto, akakiita themostati. Usidhani ni mambo ya makumbusho. Fungua pasi ya umeme iliyokufa hapo nyumbani. Utakikuta kipande hicho ndani.

Nyoka walifikiwa baadaye. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya nyoka na mijusi mwaka 1849, ya kwanza ya aina yake duniani. Mwaka 1927 ikafunguliwa mpya, iliyobuniwa na Joan Procter. Mama huyu alitumia umeme kupasha sehemu mbalimbali kwa viwango tofauti, maana nyoka hana joto lake mwenyewe. Akitaka kupata moto husogea penye joto, akizidiwa huondoka.

Kabati la droo kama letu lilishamiri Marekani mwishoni mwa karne ya 20, hasa kwa wazalishaji wa chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayesafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin. Tazama safari hiyo: nyoka wa Afrika anapelekwa kwenye nyumba yenye theluji nje, anaundiwa kabati la kumfidia jua alilolipoteza, kisha ramani ya kabati inarudi kwetu kwa intaneti nasi tunaifuata neno kwa neno. Mimi wa kwanza.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Nairobi, ambako Snake Park ilifunguliwa mwaka 1961, usiku wa Julai ni wa sweta. Lakini Diani mwezi wa Februari, chumba chenye paa la bati hupita nyuzi 31 bila kuwasha kitu. Utepe wa joto hauwezi kupoza. Huku Kwale kazi ya kabati ni usiku wa kipupwe tu. Mchana adui ni joto lenyewe.

Chatu wenyewe wanalijua hili. Mwaka 2018 mtafiti Graham Alexander alichapisha matokeo ya kuwafuatilia chatu wa kusini mwa Afrika katika hifadhi ya Dinokeng, Afrika Kusini. Jike aliyetaga hutoka shimoni, huota jua mpaka mwili wake unafikia nyuzi 40, karibu kabisa na joto la kumuua, kisha hurudi kuyakumbatia mayai. Washa, zima, washa, zima. Yeye ndiye themostati.

Sasa angalia. Kwa Drebbel, kwa Ure na kwa chatu, kinachopima ndicho kinachotenda. Mimi nilivitenganisha: kihisi huku, uamuzi kule, katikati waya. Waya ulipokatika, uamuzi ukabaki unafuata uongo.

Kwa hiyo tulirekebisha mambo matatu. Kwanza, namba yoyote chini ya 10 au juu ya 45 ni hitilafu: zima, piga king'ora. (Stima ikikatika na kurudi, kihisi hiki huanza kwa kusema 85, nayo pia inanaswa.) Pili, utepe umebaki theluthi ya nyuma tu, matundu ya hewa yameongezwa, nyoka achague pa kulala. Tatu, kwenye njia ya stima ya utepe tumefunga swichi ndogo ya metali mbili inayokata kwa nyuzi 40. Haiulizi programu chochote.

Kabla ya kumruhusu chatu kuingia, nilirudisha msimbo wangu mbovu na kuuchomoa waya kwa makusudi. Tukakaa na chai tukingoja. Joto likapanda, 36, 38, 39. Halafu tukasikia "tik", na utepe ukazimika.