Kq,qnyolq: mpaka uliojificha chini ya vidole

Kompyuta iliyonunuliwa Kampala au Dubai mara nyingi huja na kibodi ya Kiingereza. Ikifika Kamanyola, mashariki mwa Kongo, ikiwa imeshawekewa Windows ya Kifaransa, jina la mji huo haliandikiki. Mtu anabonyeza herufi moja baada ya nyingine, K-a-m-a-n-y-o-l-a, wala hakosei hata moja, lakini kwenye skrini panatokea Kq,qnyolq. Anafuta, anaandika upya, panatokea vilevile. Kwenye neno la siri balaa ni kubwa zaidi, kwani hapo skrini haionyeshi herufi bali vidoti. Mteja anaambiwa mara tatu kuwa amekosea, akaunti inafungwa, naye anainuka akiamini kwamba amesahau.

"Si wewe, mama, ni klavie." Hilo ndilo jibu analostahili kupewa, na ndilo la kweli.

Dawa yake haigharimu kitu. Windows inaweza kuhifadhi mipangilio ya kibodi zaidi ya mmoja, na mtu huhama kutoka mmoja kwenda mwingine kwa kubonyeza Alt na Shift pamoja, au kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi. Chini kulia, karibu na saa, FRA inageuka ENG. Vidole vya haraka hubonyeza Alt na Shift bila mwenyewe kujua, ndiyo maana watu husema kibodi imeharibika yenyewe. Anayeandika neno la siri aliandike kwanza kwenye kisanduku cha jina, alione kwa macho yake, kisha alifute.

Fundi makini hutazama alama iliyokaa mahali pa m. Ikiwa ni mkato, Kq,qnyolq, basi vitufe ni vya Kiingereza na Windows inadhani ni vya Kifaransa. Ikiwa ni nuktamkato, Kq;qnyolq, mambo ni kinyume: vitufe ni vya Kifaransa, mipangilio ni ya Kiingereza. Alama moja inatosha kumweleza mashine ilitoka upande gani, na ndani ya alama hiyo mna historia ya zaidi ya miaka mia moja.

Mpangilio wa QWERTY ulitokana na kazi ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, na kampuni ya Remington ilianza kuuza mashine zake mwaka 1874. Kabla karne hiyo haijaisha, Ufaransa ilikuwa na mpangilio wake, AZERTY, na Ubelgiji ikaufuata. Kongo ilipokuwa koloni la serikali ya Ubelgiji mwaka 1908, kisha Rwanda na Burundi zikaingia mikononi mwa Wabelgiji hao hao baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, karani wa Uvira na karani wa Usumbura, jina la Bujumbura la wakati huo, walipiga mashine za herufi zilezile. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya Waingereza, nazo zikarithi QWERTY. Kwa hiyo mpaka wa vibodi haukupita mto Ruzizi, ulio kati ya Kongo na Rwanda na Burundi. Ulipita katikati ya Ziwa Tanganyika: ng'ambo ya magharibi, Uvira, karani alitafuta A kwenye safu ya juu, ng'ambo ya mashariki, Kigoma, aliitafuta chini yake.

Mwaka 2008 mpaka huo ulianza kusogea. Rwanda, iliyokuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka mmoja kabla, iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni, na lugha huja na kibodi yake. Kamanyola imekaa kwenye uwanda wa Ruzizi, na ng'ambo ya mto kuna Bugarama, penye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji cha CIMERWA. Burundi nayo haiko mbali. Wasafiri wa Bukavu wanaokwenda Uvira wamezoea kupita Rwanda hadi Bugarama na kuingia tena Kongo hapo Kamanyola, ili waepuke mteremko wa Ngomo. Tangu 2008 safari hiyo fupi huvusha pia flashi, fomu na faili kutoka nchi ya kibodi moja hadi nchi ya kibodi nyingine.

Kuna alama inayosumbua kuliko herufi zote, nayo ni ile ya barua pepe, @. Ray Tomlinson aliichagua mwaka 1971, mwaka uleule ambao Kongo ilibadilishwa jina na kuitwa Zaire. Kwenye kibodi ya Kimarekani iko juu ya 2, kwa Shift. Kwenye ya Kiingereza cha Uingereza, Shift na 2 hutoa alama za kufungua na kufunga maneno, na @ imehamia kulia, karibu na kitufe cha kuingiza. Kwenye ya Kifaransa ni AltGr na 0. Kwenye ya Kibelgiji ni AltGr na 2. Alama moja ina makao manne, na wateja wa kiosko kimoja cha barabarani wanaweza kuwa wamejifunza kila mmoja kwenye kibodi yake. Njia ya mkato ipo: shika Alt, andika 64 kwenye vitufe vya namba vya kulia, achia. @ inatokea, mpangilio uwe wowote. Jambo hili lingefaa kubandikwa ukutani kando ya bei za fotokopi.

Majina ya watu nayo husumbua kwenye fomu. Tatizo hilo lina mizizi mirefu zaidi, na hapa Kamanyola yenyewe inaingia katika simulizi. Mei 1964 waasi wa Simba waliiteka Uvira. Juni mwaka huo jeshi la taifa lilipigana nao Kamanyola, na Mobutu, aliyekuwa mkuu wa jeshi, aliyafanya mapigano hayo kuwa hadithi ya ushujaa wake. Baada ya kuchukua nchi mwaka 1965 alilitandaza jina hilo kila mahali: meli yake ya mtoni iliitwa Kamanyola, kikosi cha jeshi kilichofunzwa na Wakorea Kaskazini kikaitwa Kamanyola, na uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, uliofunguliwa mwaka 1994, uliitwa Kamanyola mpaka 1997, ulipopewa jina la Mashahidi. Mtu huyohuyo, mwaka 1972, aliwakataza raia majina ya Kikristo. Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na mamilioni ya watu wakatafuta jina la pili la mababu. Hapo ndipo lilipotokea lile tunaloliita postnom. Majina ya ubatizo yaliporudi, postnom haikuondoka. Ndiyo maana Mkongomani leo ana sehemu tatu: nom, postnom, prénom. Hata kadi ya mpiga kura, iliyotumika kama kitambulisho tangu uandikishaji wa 2005, inazionyesha zote tatu.

Tovuti za nje zina visanduku viwili tu.

Postnom iende wapi? Mmoja huiweka na jina la kwanza, mwingine huiacha kabisa, wa tatu huiunganisha na nom bila nafasi. Fomu ya shule inasema hivi, tiketi inasema vile, na kwenye dirisha la uhamiaji mtu mmoja anakuwa watu wawili. Si jambo dogo katika eneo hili. Februari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Bukavu na kushuka hadi Kamanyola, makumi ya maelfu ya watu walivuka Ruzizi kuingia Burundi. Mtu anayeandikishwa akiwa mkimbizi jina lake likiwa limekatwa huenda akapata taabu miaka mingi kuthibitisha kuwa ni yeye.

Kwa mwenye pasipoti, jibu liko chini ya ukurasa wenye picha, kwenye mistari miwili ya herufi kubwa iliyojaa alama za <. Mstari wa juu unaanza na P, kisha msimbo wa nchi, COD. Yote yaliyo kati ya msimbo huo na << ndiyo mashine inayoyahesabu kuwa jina la ukoo. Yaliyo baada yake ni majina mengine. Jaza kisanduku kama mstari huo ulivyo, hata kama nyumbani huitwi hivyo, na urudie namna hiyohiyo kila mara. Msimbo COD wenyewe una umri wa kijana: kabla ya 1997 ulikuwa ZAR, wa Zaire. Vivyo hivyo anwani za tovuti zilizoishia na .zr zikawa .cd. Na asiyeiona nchi yake kwenye orodha asikate tamaa: huenda imewekwa kwenye C, D au R, kutegemea lugha ya tovuti. Anachotakiwa kuhakikisha ni namba ya simu +243. Ikitokea +242, amechagua Kongo ya Brazzaville.

Kuhusu pesa, kosa hujificha vizuri zaidi, maana halipigi kelele. Mfanyabiashara wa uwanda wa Ruzizi huandika 2.500 FC, nukta ikitenganisha maelfu. Ndivyo wafanyavyo Wabelgiji. Excel iliyopangwa kwa Kiingereza huisoma nukta hiyo kama ya desimali, na mfuko wa mhogo wa faranga elfu mbili na mia tano unakuwa wa faranga mbili na nusu. Jumla inatoka, jedwali linapendeza, na hesabu ni ya uongo. Upande wa pili hali ni hiyohiyo: bei ya dola 1,250 iliyoandikwa Kampala, ikinakiliwa kwenye mashine ya Kifaransa, inakuwa dola moja na robo. Wazee wa mpaka huu wamekwisha kuona tarakimu zikiwachezea. Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni tatu za zamani, na mwaka 1998 faranga moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Haifai sifuri zao ziliwe tena na mipangilio ya kompyuta.

Hapa tiba ni mbili. Ndani ya Excel, fungua chaguo za juu zaidi, ondoa tiki kwenye kutumia vitenganishi vya mfumo, kisha andika mwenyewe alama ya desimali na ya maelfu. Au, kwa anayegawana faili na watu wa nchi nyingine, usiandike kitenganishi cha maelfu kabisa: 2500. Mara nyingine ugonjwa huonekana kwa macho. Excel husukuma namba upande wa kulia wa kisanduku, na maneno upande wa kushoto. Tarakimu iliyoegemea kushoto bila mtu kuiagiza si namba machoni pa Excel, nayo haijajumlishwa. Fomula pia zina lugha: SOMME na nuktamkato kwa Kifaransa, SUM na mkato kwa Kiingereza. Faili iliyohifadhiwa hujitafsiri yenyewe ikifunguliwa, lakini fomula iliyonakiliwa kutoka kwenye karatasi au ujumbe wa simu haijitafsiri.

Kiswahili kilijaliwa kutohitaji alama juu ya herufi. Kifaransa kinazihitaji, na ndiyo maana orodha ya wanafunzi iliyopakuliwa kutoka kwenye tovuti huja na "Ã©" mahali pa é. Faili hiyo haijaoza. Imeandikwa kwa UTF-8, mfumo uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, halafu Excel ikaisoma kwa mfumo wa zamani zaidi. Badala ya kuibofya mara mbili, ilete kupitia menyu ya data, kutoka kwenye maandishi, na uchague 65001. Andrée anarudi kuwa Andrée.

Flashi zilikuwa na enzi yao ya hofu. Katika miaka ya 2000, kompyuta zenye Windows XP zilifungua flashi zenyewe mara tu zilipochomekwa, na virusi vilipita humohumo. Mteja alifika na ripoti yake, akaondoka na ugonjwa wa kiosko kizima. Mwaka 2011 Microsoft ilituma sasisho la kuzima tabia hiyo, ila mashine isiyo na intaneti haikulipata. Wengi waliona folda zao zimegeuka njia za mkato wakadhani kazi imepotea, wakafomati, na hapo ndipo ilipopotea kweli. Mara nyingi folda zilikuwa zimefichwa tu. Kwenye dirisha jeusi la amri, ukiwa umesimama ndani ya flashi, mstari huu huzitoa mafichoni: attrib -h -r -s /s /d *.* Kisha njia za mkato zifutwe na flashi isafishwe kwa programu ya kuua virusi.

Inabaki saa. Kongo ina majira mawili: Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya dunia, mashariki iko mbili, sawa na Kigali na Bujumbura. Aliyepanga kompyuta akichagua Afrika ya Kati Magharibi atafika kwenye mkutano wa mtandaoni saa moja nje ya wakati. Kwenye orodha ya Windows, mashariki mwa Kongo hukaa chini ya Harare na Pretoria. Na betri ndogo ya mviringo ndani ya mashine, CR2032, ikifa, kila umeme unapokatika tarehe inaweza kurudi nyuma miaka mingi. Tovuti zinaanza kuonya kwamba si salama, kwa sababu cheti chao kinaonekana hakijaanza kutumika. Watu hulaumu intaneti. Kurekebisha tarehe huondoa onyo hilo palepale, na betri mpya hulizuia lisirudi.

Tarehe nayo ina pande mbili. Tarehe 8 Aprili 2022, jijini Nairobi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katibu wa Bukavu akiandika 08/04/2022, mashine yenye mipangilio ya Kimarekani huisoma tarehe 4 Agosti, na wala haimwambii mtu. Tarehe zinazozidi 12 hujifichua, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13; zisizozidi hapo hupita kimya na kuharibu hata mpangilio wa orodha. Akianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, 2022-04-08, mashine ya Kampala, ya Dubai na ya Kamanyola zote huisoma Aprili.