Dubu na Paka Katika Mti Mmoja
Mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft ulipotoka mwaka 2004, druidi, mhusika anayeweza kujigeuza mnyama, aliyetaka kusimama mbele na kupokea mapigo kwa niaba ya wenzake hakuwa na mti wake wa vipaji. Dubu mkingaji na paka mshambuliaji walichangia mti mmoja, na mchezaji wa ngazi ya 60 alikuwa na pointi 51 tu za kugawa. Wengi huuita huo upungufu. Kwangu ndio uliompa druidi thamani. Dubu hakuweza kushika ngao wala kupangua pigo kwa silaha. Alitegemea deraya nene, uhai mwingi na kukwepa. Lakini pambano lisipohitaji mkingaji wa pili, dubu huyohuyo aligeuka paka akaanza kurarua.

Itasemwa kwamba uhuru huo ulikuwa wa jina tu, kwani madubu wengi walichagua vipaji vilevile. Ni kweli kwa sehemu kubwa ya mti, ila uamuzi wenyewe ulikuwa katika pointi chache za mwisho: umwongezee dubu uimara, au umnoe paka makucha? Mwaka 2012 toleo la nyongeza la Mists of Pandaria liliwatenganisha dubu na paka, na swali hilo likafa. Toleo jingine, Dragonflight, lilirudisha miti ya vipaji mwaka 2022, lakini utaalamu wa dubu na wa paka ulibaki mbalimbali.