Mtu wa Ndege Aliyefyeka Pori

Sisi wa Buzwagi tukiulizwa historia yetu tunakimbilia dhahabu: mgodi ulifunguliwa 2009, ukafungwa 2021, basi. Tunasahau pori. Na pori la huku Shinyanga lina kisa, msomaji.

Charles Swynnerton, Mwingereza aliyezaliwa 1877, alikuwa mkulima kule Chirinda, Zimbabwe ya leo. Hakuwa profesa, lakini roho yake ilikuwa kwa ndege. Aliwapa vipepeo wa kila namna, akaandika yupi kamezwa na yupi katemwa, apate kujua rangi inamkingaje mdudu. Mwaka 1906 kindege kimoja cha msitu ule, chenye kifua cha rangi ya chungwa, kikapewa jina lake. Kindege hicho kipo hata kwetu, Udzungwa na Usambara Mashariki.

Mwaka 1919 akawa bwana nyama mkuu wa kwanza wa Tanganyika. Hapo akakutana na mbung'o. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imemaliza ng'ombe, watu wakahama, kichaka kikarudi, na mbung'o akarudi nacho, na malale na nagana yake. Swynnerton akaona dawa ni kumnyang'anya mdudu kivuli. Kila baada ya mavuno maelfu ya Wasukuma, wakiitwa na watemi wao, walishika mashoka. Mwaka 1929 akawa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, makao yake Shinyanga.

Makubwa! Mpenda ndege ndiye aliyefyeka miti yao. Lakini tusimcheke upesi: ng'ombe walikuwa wanakufa kweli, na watu pia. Yeye mwenyewe aliuawa na ndege, ile ya chuma, ilipoanguka Juni 1938.

Pamba, kuni na mifugo vikamaliza miti iliyobaki, Shinyanga ikawa karibu jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Haukuleta maajabu ya Ulaya. Ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi. Hekta 600 hivi za mwaka ule zilipita 300,000 kufikia 2004. Waliohesabu ndege humo wakapata aina 145.

Swynnerton ana kindege chenye jina lake. Hata mbung'o mmoja anaitwa kwa jina hilohilo. Lakini babu zetu walioshika shoka, na bibi zetu waliolinda ngitili, wana nini? Sisi tunaojiita waandishi tuna kalamu. Wazee wachache bado wapo. Twende tukawaulize.