Chama cha Ukingoni Naivasha

Mwanzoni chama hiki kiliitwa chama cha wamiliki wa ardhi ya ukingo wa Ziwa Naivasha. Walowezi wenye mashamba kandokando ya ziwa walikiunda karibu na mwaka 1930, na kilichowakutanisha hakikuwa uchungu wa viboko wala mafunjo. Ulikuwa mpaka. Ziwa hili halikai na ukubwa mmoja. Mito ya Malewa na Gilgil ikifurika, linapanda. Mvua zikikosa kule kwenye milima ya Nyandarua, linanywea na kuacha nyuma tambarare yenye rutuba. Tambarare hiyo ni ya nani? Walipatana na serikali ya kikoloni hivi: mwenye shamba alime au achunge ng'ombe hadi maji yalipo, ila asijenge kitu cha kudumu, maana ziwa litarudi. Mstari wa mpaka ulifuata kimo cha maji cha mwaka 1906.

Wamaasai, ambao jina Naivasha limetoka kinywani mwao, hawakuwa katika mapatano hayo. Walikuwa wamekwisha kuondolewa eneo hilo kwa mkataba wa 1904.

Kwa miaka mingi chama kilikuwa kitu cha majirani: mikutano, ada, na kuandika kimo cha maji. Kazi hiyo ya kuandika ni ya kuchosha na haina sifa, lakini ndiyo inayotujulisha kwamba katikati ya miaka ya 1940 ziwa lilishuka mno kabla hata ua moja la biashara halijapandwa Naivasha. Anayelaumu maua kwa kila tone lililopungua, na anayeyatetea kwa kila hali, wote wawili hulazimika kurudi kwenye takwimu hizo.

Baadaye ziwa lenyewe likageuka. Katika miaka ya 1960 lilivamiwa na salvinia, gugu linaloelea. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi, ambao asili yao ni Marekani, nao wakayatafuna majani ya chini ya maji. Mwaka 1988 likaonekana gugu maji lenye maua ya zambarau. Wakati huo mashamba ya maua yalikuwa yakienea, na vibarua wakimiminika Karagita na mitaa mingine isiyo na mifereji ya majitaka. Kulinda mpaka kukawa jambo dogo.

Hapo ndipo chama kilipoonyesha ukomavu wake. Wanachama walijitolea kuisukuma serikali iliandikishe ziwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, na mwaka 1995 Naivasha likawa eneo la pili la Kenya katika orodha hiyo, baada ya Nakuru. Mwaka 1996 wakawa na mpango wa usimamizi, waliouandaa kwa hiari kabla sheria haijawalazimisha; wakulima wa maua, wenye hoteli na kampuni ya umeme ya Olkaria, leo KenGen, wakiketi meza moja. Mwaka 1999, jijini San José, Costa Rica, chama kilikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Ramsar ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Neno "wamiliki" nalo likaondolewa katika jina. Kwangu mimi, kufuta neno hilo kulikuwa na uzito kuliko tuzo.

Hata hivyo kufuta neno si kufungua mlango. Serikali ilipouchapisha mpango katika gazeti lake rasmi mwaka 2004, wafugaji walikwenda mahakamani na utekelezaji ukasimamishwa. Walikuwa na hoja. Ng'ombe anahitaji njia ya kufika majini, na njia nyingi zilikuwa zimezibwa na nyua. Sheria ya Maji ya 2002 ilileta vyama vya watumiaji maji, ambamo anayeishi mbali na ukingo naye ana kauli. Huko juu mtoni, mashirika ya WWF na CARE yalianzisha utaratibu wa wakulima wadogo kulipwa vocha kwa kupanda miti na nyasi zinazozuia udongo usiteremke ziwani. Mambo haya yalipaswa kuja mapema.

Februari 2010, baada ya ukame mkali, samaki walikufa kwa wingi. Miaka kumi baadaye ziwa lilipanda likaingia mtaa wa Kihoto, na wakazi wakabebwa kwa mashua kutoka milangoni mwao. Mapatano ya zamani yalikuwa yamesema wazi: ukingoni pasijengwe.